HMS Tiger: manowari au hasara inayoelea?

Nanga Juu: Wakuu, naleta hoja. HMS Tiger, kruza (manowari kubwa ya mizinga) ya Uingereza, ilianza kujengwa 1941, ikashushwa majini 1945, ikatelekezwa, mafundi wakarudi 1954, ikaingia kazini 1959. Miaka 18! Hapo makombora yameshaanza kuisukuma mizinga pembeni. 1968 wakaifumua tena ibebe helikopta nne za Sea King, zaidi ya pauni milioni 13. Ikatoka 1972, na 1978 wakaistaafisha. Mimi nasema wangeikata vyuma mapema.

Mzee wa Ramani: Unaonea meli. Miaka ya 50 Mrusi alikuwa anashusha kruza zake za aina ya Sverdlov moja baada ya nyingine. Mizinga ya inchi 6 ya Tiger ilijiendesha yenyewe, kila mmoja ulitakiwa kufyatua mara 20 kwa dakika. Nani angezikabili hizo Sverdlov, wewe na ngalawa yako?

Nanga Juu: "Ulitakiwa", umesema mwenyewe. Ilikuwa inakwama kila mara. Na tazama picha zake za baada ya 1972: mbele manowari safi, mnara wa mizinga umekaa vizuri, nyuma wamebandika banda la helikopta utadhani ghala la korosho. Spea nyingine walizichomoa kwa dada yake, Lion.

Binti Kizimkazi: Mnahesabu mizinga tu. Hii si ndiyo meli ambayo Wilson, waziri mkuu wa Uingereza, alimkaribisha Ian Smith, mkuu wa serikali ya walowezi, 1968 wakagawane Rhodesia, Zimbabwe ya leo?

Mzee wa Ramani: Desemba 1966, karibu na Gibraltar. Ya 1968 ilikuwa kwenye meli nyingine, Fearless. Na hawakugawana kitu, Smith alirudi Salisbury (Harare ya leo) serikali yake ikayakataa mapendekezo. Tusome kwanza, dada.

Binti Kizimkazi: Asante kwa tarehe, mwalimu. Kwa hiyo nikikosea mwaka Smith anageuka malaika? Mzungu ameasi, kajitangazia uhuru 1965 bila ridhaa ya London, analetewa ndege na kupewa kitanda kwenye manowari. Mau Mau walipelekewa manowari gani ya mazungumzo? Walipelekewa mabomu msituni na kambi za kizuizini.

Kamau wa Pwani: Sasa Mau Mau imeingiaje hapa? Hiyo ni damu yetu, si kijiti cha kumchapia mtu kwenye ubishi wa meli.

Mnyonge wa Ilala: Tulia, ndugu yangu. Kama ni damu yenu, Desemba 1965 mlikuwa wapi? OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati huo, ilisema tuvunje uhusiano na Uingereza kwa kushindwa kumzima Smith, Nyerere akavunja, mkopo wa pauni milioni 7.5 ukaota mbawa. Nairobi ubalozi wa Mwingereza ukaendelea kama kawaida.

Kamau wa Pwani: Wacha nikukumbushe kitu. Ndege za RAF, jeshi la anga la Mwingereza, za kupeleka mafuta Zambia baada ya njia ya Rhodesia kufungwa zilikuwa Dar. Mlipovunja uhusiano, zikahamia Nairobi. Bila sisi Kaunda angewasha taa na nini, hotuba?

Mnyonge wa Ilala: Ndege! Mapipa mengi yalipita barabarani, kwenye malori kutoka Dar, vumbi tupu hadi Tunduma. Na TAZAMA, bomba la mafuta la kwenda Zambia, linaanzia wapi?

Kamau wa Pwani: Bomba ni la 1968. Uhusiano mlivunja 1965. Hesabu hiyo fanya polepole.

Mzee wa Ramani: Jamani, Tiger. 1982, vita vya Falklands dhidi ya Argentina, walifikiria hata kuirudisha kazini. Meli mbovu haifikiriwi hivyo.

Nanga Juu: Walifikiria, wakaiacha palepale. 1986 ikauzwa chuma chakavu Hispania.

Binti Kizimkazi: Mimi bado nangoja mtu anijibu habari ya kitanda cha Smith. Mwalimu wa tarehe kanyamaza.

Mzee wa Ramani: Sijanyamaza. Ulitaka wakutane wapi, sokoni? London asingekwenda, ni mwasi. Salisbury Wilson asingekwenda, ingekuwa kuutambua uasi. Baharini hapana mwenyeji.

Mnyonge wa Ilala: Hapana mwenyeji vipi, na bendera ni ya Mwingereza? Na Waafrika wa Rhodesia, wenye nchi, walipewa chumba namba ngapi?

Kamau wa Pwani: Hapo Ilala umesema. Ila ya mafuta bado sijakusamehe.