MREJESHO: Mama amekubali kuniambia baba yake alikuwa nani

Wakuu, heshima kwenu. Niliomba ushauri kuhusu mama: sisi ni Wasukuma wa Mwanza, lakini tangu shule ya msingi naitwa Mwarabu kwa rangi na nywele zangu, na nikimuuliza ananijibu "ndivyo tulivyoumbwa." Mlinishauri nimuulize kwa upole, tukiwa wawili tu.

Amesema. Alikuwa jikoni anapara sato, na hakuinua macho mpaka alipomaliza.

Babu alikuwa Mhindi, karani kwenye kinu cha kuchambua pamba. Mwaka 1971 serikali ilipotaifisha majumba ya kupangisha, familia nyingi za Kihindi zilihama nchi, naye akaondoka na ndugu zake kwenda Uingereza. Mama alikuwa bado tumboni. Bibi akarudi kwao Magu, mtoto akapewa jina la ukoo wa huko, na habari ikafungwa. Kilichoniumiza zaidi ni hiki: bibi alikuwa akimnyoa kipara kila nywele zilipoanza kulala, ili watu wasiseme. Mama amekua akijua nywele zake ni aibu.

Akaniuliza kama sasa nitamwona si mwenzetu. Mama yangu mzazi, jamani!

Mimi ni Msukuma, na nina damu ya Kihindi. Yote mawili nayasema bila kuficha, na wanangu nitawaambia mapema.

Mlioshauri kipimo cha DNA, sioni haja kwa sasa. Kumtafuta babu au ndugu zake nimemwachia mama aamue. Akikubali, nitarudi kuwaomba msaada.