Mrejesho: Binti yetu amepata jina

Ndugu zangu, nawashukuru kwa ushauri mlionipa nilipouliza kama binti yetu aitwe Gloria Kabula au Neema Kabula, na kama fomu za serikali zingekubali majina yote mawili. Tumemwita Neema Kabula.

Kabula, jina la bibi mzaa baba, ambalo Wanyamwezi na Wasukuma humpa mtoto wa kike aliyezaliwa wakati wa mvua, halikuwa na ubishi, kwa kuwa alizaliwa usiku wa mvua kubwa hapa Tabora. Lililotusumbua ni la kutangulia. Nilifuata ushauri wa dada aliyesema tuyaite kwa sauti: mama mkwe alisimama mlangoni mwa jiko akaita kuelekea mwembeni, na Gloria likatoka "Giloria" kila mara, ilhali Neema Kabula lilitiririka bila kukwama. Kwangu hilo lilitosha, maana ndiye atakayemwita kutwa nzima.

Kuhusu fomu, mlisema kweli. Nafasi ya kati kwa kawaida ni ya jina la baba, nasi hatukutaka majina yatofautiane kati ya cheti cha kuzaliwa cha RITA, shule na baadaye kitambulisho cha NIDA, jambo ambalo husumbua watu wazima wengi. Kwa hiyo kwenye cheti ataandikwa Neema, kisha jina la baba na la ukoo, na Kabula litakuwa jina la nyumbani, ambalo shangazi zake wameshaanza kulitumia.