Kampuni ya kutembeza wageni Chicago imetuacha tugande barabarani, halafu inasema eti hatukutokea

Wakuu, hasa nyie mnaoishi Marekani na mnaopokea wageni kutoka nyumbani kipindi hiki cha baridi, naomba msome hili. Jina la kampuni silitaji kwa sababu suala bado liko benki, ila mchezo wao lazima mujue.

Shoga yangu niliyesoma naye Tanga alikuja Januari. Theluji hajawahi kuiona maishani mwake, na alikuwa na Jumamosi moja tu ya kukaa na mimi kabla ya kuendelea kwa kaka yake Minnesota. Nikakata tiketi mbili mtandaoni za basi la kuzungusha wageni katikati ya mji mpaka ufukweni mwa Ziwa Michigan. Tangazo lao linasema wazi kwamba basi limezibwa vioo, lina hita, na linatembea mwaka mzima. Hela wakakata hapo hapo.

Siku hiyo ilikuwa nyuzi 18 chini ya sifuri, na ule upepo wa ziwani. Idara ya hali ya hewa ya Marekani ina jedwali lake: kwenye baridi hiyo, upepo ukivuma kilomita 24 kwa saa, mwili unaisikia kama nyuzi 28 chini ya sifuri, na ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Kampuni inayofanya biashara Chicago majira ya baridi haiwezi kusema haijui hilo.

Kituo chao ni nguzo yenye kibao pembeni ya Michigan Avenue. Hakuna paa, hakuna pa kukaa. Hata vituo vya treni za mji huu vina taa za joto, unabonyeza kitufe unasimama chini yake. Hawa wamechomeka nguzo basi. Tulikuta familia ya Wakongo na mtoto wao kwenye kigari, yule baba akanisalimia "jambo mama", tukawa tunasubiri pamoja. Muda wa basi ukapita. Napiga simu, inapokea mashine, inaniambia nisikate. Kugusa skrini lazima uvue glavu, na kila ukivua, vidole vinauma kama vimebanwa na mlango. Simu yangu ilikuwa na chaji karibu nusu, ikazima yenyewe kwa baridi, na tiketi zimo humo humo. Ya mwenzangu ikafuata.

Halafu akanyamaza. Huyu ninavyomjua hamalizi maneno, akinyamaza ujue kuna jambo. Nikamvua glavu, nikakuta ncha za vidole viwili zimekuwa nyeupe kabisa, anasema hazisikii kitu. Sikungoja tena. Nikamvusha barabara tukaingia Chicago Cultural Center, lile jengo la 1897 lililokuwa maktaba ya mji, ambalo kuingia ni bure. Akakimbilia hita abandike mikono, nikamzuia, maana kidole kisichosikia kinaungua mwenyewe hana habari. Wala hakisuguliwi. Nikamwambia aviweke kwapani, atulie. Damu ilipoanza kurudi alilia kwa sauti, mtu mzima na watoto wake, mbele za watu. Mlinzi mmoja alituletea viti, Mungu ambariki.

Kinachoniuma ni kwamba ghorofani mle kuna kuba la vioo vya Tiffany lenye upana wa karibu mita 12, watu wanasafiri kulifuata, na yeye hakuwa na nguvu ya kupanda ngazi. Cloud Gate, ile sanamu kubwa ya chuma inayong'aa kama kioo, kazi ya msanii Anish Kapoor, iko ng'ambo tu ya barabara, ndiyo picha aliyowaahidi wanawe. Hakutaka kusikia. Saa kumi na moja jioni jua limeshazama, tukarudi nyumbani.

Sasa sikieni jibu la kampuni nilipodai hela yangu. "Mfumo unaonyesha hamkutokea kituoni. Tiketi hazirudishwi." Hatukutokea! Nina picha tuliyopiga chini ya nguzo yao, namba ya kituo inasomeka na saa imo. Nikawatumia. Wakanirudishia maneno yale yale, neno kwa neno. Nilipokomaa wakanipa punguzo la bei la safari ya kiangazi. Kiangazi huyu mtu atakuwa Tanga! Na mpaka leo hakuna hata mmoja aliyeuliza vidole vyake vinaendeleaje.

Mliokumbwa na haya, kama mlilipa kwa kadi ya mkopo msikubali kuzungushwa. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inakupa siku 60 tangu bili yenye makato hayo ilipotumwa kupinga malipo ya huduma usiyopewa. Unaiandikia benki iliyokupa kadi, kwa maandishi. Mimi nimeshaandika. Nimepiga pia 311, namba ya simu ya huduma za mji, na malalamiko mengine nimeyapeleka kwa mwanasheria mkuu wa jimbo la Illinois.

Ninachotafuta sasa ni mashahidi. Ile familia ya Kikongo, kama mnasoma hapa au kuna mtu anawafahamu, njooni PM. Mlikuwa mmebaki pale sisi tulipoondoka, na nataka kujua kama mtoto alifika salama na kama basi lilikuja kabisa.