Kuvuka nanomita 200: STED, SIM, STORM au kutanua sampuli?

Mpimadamu
Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri kabla sijaandika ombi la fedha. Natafiti Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, na nataka kuona rhoptri, vile vifuko viwili vya nchani mwa merozoiti (kimelea katika hatua ya kuvamia seli) ambavyo kimelea hutumia kuingilia seli nyekundu ya damu. Merozoiti nzima haifiki mikromita 2. Hadubini yetu ni ya fluoresensi ya kawaida, yaani inaonyesha rangi zinazong'aa zikimulikwa, lenzi ya mafuta 100x yenye NA (uwezo wa lenzi kukusanya nuru) 1.4, na ninachopata ni doa moja la kijani. Hadubini ya elektroni ilishaonyesha kwamba vifuko ni viwili, ila mimi nataka kujua protini ipi imekaa wapi. Mngekuwa mimi mngeanzia wapi?

mzee_wa_lenzi
Karibu sana. Tuanze na tatizo lenyewe. Ernst Abbe alilieleza mwaka 1873 kule Jena: nuru ni mawimbi, kwa hiyo nukta ikipita kwenye lenzi inatoka doa. Chukua urefu wa wimbi, gawanya kwa NA iliyozidishwa kwa mbili. Kijani cha nanomita 520 kwa lenzi yako ni kama nanomita 186. Kwenda kina hali ni mbaya zaidi, 500 na kuendelea. Vitu vikikaribiana kuliko hapo, hata kamera ya pikseli nyingi kiasi gani haikusaidii. Waliopata Nobel ya kemia 2014, Eric Betzig, Stefan Hell na William Moerner, walitafuta njia ya kuzunguka ukuta huo. Kanuni ya Abbe bado iko palepale.

LezaMbili
Nimetumia STED miaka mitatu nikiwa masomoni Ujerumani. Leza ya kwanza inawasha molekuli, ya pili yenye umbo la pete inazizima za pembeni, zinabaki za katikati tu. Nanomita 40 au 50 unazipata papo hapo.

Lakini wewe una malaria, mkuu. Kimelea kikishakula hemoglobini kinaacha hemozoini, zile fuwele za kahawia unazoziona ndani ya skizonti, yaani kimelea kilichokomaa chenye merozoiti nyingi ndani. Fuwele hizo zinameza nuru ya leza ya kuzimia. Nimeona kwa macho yangu: picha inajengeka mstari baada ya mstari, safi kabisa, ghafla mwako mweupe, kisha palipokuwa na kimelea pana shimo. Wapo waliolitatua kwa kuifanya leza ijizime kila inapokaribia fuwele, ila hapo unahitaji mashine inayokubali kupangiwa hivyo. Usiombe fedha za STED kabla hujapata pa kuijaribu kwa skizonti zako mwenyewe.

Chandarua
Nitetee SIM. Laza vyandarua viwili kimoja juu ya kingine, kile cha juu kizungushe kidogo. Utaona mawimbi mapana ambayo hayamo kwenye chandarua chochote kati ya hivyo viwili. SIM inamulika sampuli kwa mistari ya nuru, na vitu vidogo visivyopita kwenye lenzi vinajitokeza kama mawimbi mapana yanayopita, halafu kompyuta inavirudisha. Kwa 3D ni picha 15 kila tabaka, pembe 3 na hatua 5. SIM yenyewe Mats Gustafsson aliionyesha mwaka 2000. Unafika kama nanomita 100, na seli hai inavumilia, kwa hiyo anayetaka kuona merozoiti ikiingia kwenye seli aanzie hapa. Ila mafuta ya lenzi yasipolingana na sampuli, hesabu zinazaa michirizi ambayo kwenye seli haipo. Hilo lichukulie kwa uzito.

Mpimadamu
Asanteni. Na STORM?

LezaMbili
STORM ya Xiaowei Zhuang na PALM ya Betzig zote zilitoka 2006. Molekuli zinawaka chache chache, unakadiria kitovu cha kila moja, unarundika maelfu ya picha. Nanomita 20 zinapatikana, na uchambuzi unafanyika kwa ThunderSTORM ndani ya ImageJ, programu ya kuchambua picha, bure. Shida ni leza kali, kamera nyeti, bafa (kimiminika cha kulowekea sampuli) inayoharibika ndani ya saa chache, na meza isiyotikisika.

BiJeli
Mdogo wangu, kabla ya kununua chochote, tanua sampuli. Mwaka 2015 kundi la Ed Boyden pale MIT lilionyesha njia hii: unafungia sampuli kwenye jeli ya sodiamu poliakrileti, kemikali ileile inayonyonya maji kwenye pampasi, kisha unaweka maji na kila kitu kinatanuka kwa uwiano uleule. Kwa vimelea tumia toleo la U-ExM. Baada ya jeli kuganda unaichemsha nyuzi 95 kwa saa moja na nusu ndani ya bafa yenye SDS, aina ya sabuni kali, ndipo protini zinaachiana.

Kingamwili ziweke baada ya kutanua. Zile mbili, ya kwanza inayoshika protini na ya pili yenye rangi inayoshika ya kwanza, zinaweza kusogeza rangi nanomita 15 au 20 kutoka kwenye protini yenyewe. Ukiziweka baadaye, kosa hilo linagawanywa kwa kiasi ulichotanua. Watu wa STORM hulisahau hili.

Sasa mambo yatakayokutesa. Sodiamu akrileti mbovu: ikiyeyushwa ikawa ya njano, imwage. APS na TEMED, kemikali za kugandisha jeli, zitie juu ya barafu, la sivyo jeli inaganda kabla hujageuza kioo chenye seli. Akrilamaidi ni sumu ya neva, usivue glavu. Jeli ikivimba inakuwa angavu na telezi kama utando wa bamia, na hujui tena upande upi una seli. Kata pembe moja mapema iwe alama. Upande wenye seli uelekee lenzi, maana lenzi ya mafuta haifiki ndani sana. Kioo kipake polilaisini, jeli isitembee. Na mng'ao utafifia: ukitanua mara 4.2, rangi ileile inatawanyika kwenye ujazo mara 74.

Chandarua
BiJeli kasema kweli, ila seli hai hapo hakuna tena.

Mpimadamu
Nimerudi baada ya wiki tano. Jeli tatu za kwanza ziliharibika, mbili kwa sababu ya akrileti ya njano. Ya nne ilianza na kipenyo cha milimita 12, ikafika 50, kwa hiyo ni mara 4.2 kwa rula ya kawaida. Protini mbili za rhoptri nilizipa rangi: RAP1 kijani, RON4 nyekundu. Kwa lenzi yetu ileile, lile doa limekuwa vifuko viwili vyenye umbo la peasi vimekaa ubavu kwa ubavu, kijani tumboni na nyekundu shingoni. Nilimwita fundi wa maabara aje atazame, tukakaa pale hadi taa ikaanza kuififisha rangi. BiJeli, shikamoo. Rangi ya NHS esta ya kuonyesha protini zote naiweka kabla au baada ya kingamwili?

BiJeli
Marahaba. Iweke pamoja na kingamwili ya pili, kwenye bafa ya PBS, halafu irudishe jeli kwenye maji.