Ushauri: plastiki ya kijivu haipindi hata kwenye maji yanayochemka

Kibano_Chembamba

Habari wakuu. Nageuza mkao wa sanamu ndogo za mm 28 na nimekwama kwenye vipande vitatu.

Cha kwanza ni mkuki wa unene wa kama mm 1, umejikunja kama upinde. Plastiki yake inanesa ukiibonyeza, na sanamu ilikuja nzima bila fremu (ule mtandao wa plastiki unaoshikilia vipande kabla hujavikata). Cha pili ni mkono uliokunjwa kiwiko karibu nyuzi 90, nataka unyooke ili panga lielekee mbele. Huo ni plastiki ngumu ya kijivu, ya kukata kutoka kwenye fremu. Cha tatu ni joho la plastiki hiyohiyo ya kijivu, nataka pindo lake lipepee upande mmoja.

Mkuki nikiutia maji ya moto unanyooka, siku mbili baadaye umesharudi kulekule. Mkono hausikii maji kabisa, na nikiulazimisha unafanya weupe kwenye kiwiko. Joho sijaligusa. Je, joto ni dogo au njia yenyewe siyo? Nikihamia kwenye mshumaa, michoro ya juu itasalimika?

FundiNukta

Mkuu, hapo una plastiki mbili, na kila moja ina joto lake. Ile ya kijivu ya kwenye fremu ni polistirini. Hiyo huanza kulegea ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, yaani palepale maji yanapochemkia. Ukiwa mahali pa juu hata hapo hufiki, maana kwenye mwinuko wa mita 1,500 maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Halafu ukishatoa kipande chembamba majini, sekunde mbili tatu kimeshapoa. Kuongeza chumvi hakusaidii: gramu 60 kwa lita hupandisha kama nyuzi 1 tu.

Ile inayonesa huenda ni PVC, nayo hulegea kuanzia nyuzi 70 au 80, ndiyo maana imekubali maji.

Kabla ya kuchoma chochote, pima. Weka tone dogo la gundi ya plastiki, ile inayoyeyusha, mahali pasipoonekana, kwa mfano chini ya unyayo. Subiri sekunde 30 kisha gusa kwa kijiti cha meno. Pakinata na kuvuta nyuzi, ni polistirini. Pakibaki pagumu, ni PVC au resini, na hapo kuunganisha utatumia supagluu, kwa sababu gundi ya plastiki haitashika.

Mkuki unarudi kwa sababu joto halikufika katikati, au uliuachia kabla haujapoa wote. Fanya hivi: maji ya nyuzi 80 hadi 90, uzamishe wote kwa sekunde 30, utoe kwa kibano, ulaze kwenye ukingo wa rula ya chuma. Ukunje kidogo kupita mstari ulionyooka, kuelekea upande wa pili, kisha uzamishe kwenye maji yenye barafu huku bado umeushikilia. Hesabu hadi 30 ndipo uachie. Sehemu nene kama miguu zinataka dakika 1 hadi 2 majini.

Ukirudi tena baada ya hapo, usihangaike nao. Ukate juu na chini ya kiganja, toboa kiganja kwa biti ya mm 1, pitisha waya wa chuma wa unene huohuo, kisha bandika ncha ya zamani juu. Mkuki wa PVC wa unene huo ukipigwa na jua dirishani utajikunja tu.

Na PVC usiipeleke kwenye moto. Ikiungua inatoa gesi ya haidrojeni kloridi, inachoma macho na mapafu.

Msasa_600

Nachukua kiwiko. Mkuu, huo mkono usiupashe moto. Kata.

Sababu ni unene. Mkono wa mm 4 ukiupasha, ngozi ya nje inayeyuka wakati ndani bado pagumu. Ukiunyoosha hivyo, mikunjo ya nguo upande wa ndani inavutika kama mpira wa kutafuna, na upande wa nje inajibana. Huo weupe uliouona ni nyufa ndogo sana ndani ya plastiki. Usiupake gundi ya kuyeyusha ukiwa bado umeukunja kwa nguvu, utakatika mkononi mwako, maana kiyeyushi hupenya kwenye nyufa hizo na kuzifungua.

Kama ungekuwa unafungua kiwiko nyuzi 20 au 30, ungekata kwa msumeno mwembamba kutoka ndani ya mkunjo na kubakiza nusu milimita nje iwe bawaba. Kwa 90 hadi kunyooka, pengo litakuwa kubwa mno. Tenganisha kabisa. Toboa pande zote mbili kwa keekee ya mkono, biti ya mm 0.8, kina cha mm 3. Ili matundu yakutane, tia nukta ya rangi mbichi katikati ya tundu la kwanza, gusanisha vipande, toboa pale alama ilipoachwa. Waya uwe wa unene wa tundu, na kabla ya kutia gundi jaribu mkao ukiwa mkavu.

Watu wengi hukosea hapa: mkono ukinyooka unaonekana mrefu kuliko mwenzake. Ncha ya kiwiko iliyokuwa imechongoka nje sasa ni nyama ya ziada. Ipunguze kwa kisu, kidogokidogo, ukilinganisha na mkono wa pili.

Pengo jaza kwa pati ya sehemu mbili, ile unayochanganya kisha inakuwa ngumu. Milliput hukauka kwa saa 3 hadi 4 na inakubali msasa vizuri. Green Stuff inanesa na ni nzuri kwa mikunjo, ila msasa haiupendi. Lowesha kifaa cha kuchongea isije ikanata. Na angalia nguo yenyewe: mkono uliokunjwa una mikunjo mingi iliyosongamana ndani ya kiwiko, ulionyooka hauna. Ukiiacha ile ya zamani, jicho litaona kosa hata kama kiungo ni safi. Ikwangue.

HewaMoto

Joho ndilo pekee la kupasha moto, maana ni jembamba. Usilibandike mwilini kwanza.

Anza kujaribu kwenye fremu, ni plastiki ileile. Ila fremu ni nene, kwa hiyo ichonge upate utepe wa unene sawa na joho, la sivyo muda utakaopima utakudanganya. Draya ya nywele mara nyingi haitoshi. Tumia kipulizio cha hewa moto kwenye kiwango cha chini kabisa, au mshumaa, kipande kikiwa sm 6 hivi juu ya ncha ya mwali, kikisogea muda wote. Kwenye mwali wenyewe kitashika masizi na kuungua. Fungua dirisha.

Sehemu usiyotaka ilegee, ifunge kwa tishu iliyolowa maji. Pasha sekunde 3 hadi 5, jaribu, pasha tena. Tazama uso wa plastiki kwenye mwanga: ukianza kung'aa mahali ambapo haukuwa unang'aa, ondoa upesi, michoro imeanza kutiririka. Kunja juu ya kijiti cha mviringo cha mm 6, nyuzi 10 au 15 kwa mara moja, shikilia hadi ipoe. Pindo linalopepea lina mawimbi yasiyolingana, kwa hiyo badilisha kijiti chembamba na kinene.

Kibano_Chembamba

Asanteni sana wakuu. Nimesikia kuna wanaopaka gundi nyepesi ya plastiki badala ya joto. Ina ukweli?

Msasa_600

Ipo, kwa vipande vyembamba tu. Paka upande wa ndani wa joho, usio na michoro, mara mbili au tatu, ukipumzika dakika moja kila mara. Ikilegea ikunje kwa vidole, ifunge kwa utepe wa karatasi, iache saa 24 au zaidi. Mpangilio ni kupaka kwanza, kukunja baadaye. Ukigeuza mpangilio unarudi kwenye nyufa.

HewaMoto

Mimi kwa joho hilo ningebaki na joto. Gundi ikizidi hupenya hadi mbele, na mishono midogo inafutika bila wewe kuona hadi upake rangi.

Kibano_Chembamba

Sawa. Na ule weupe wa kiwiko, rangi itauficha?

FundiNukta

Rangi itauficha, udhaifu utabaki. Pitisha msumeno katikati ya huo weupe, kisha kwangua pande zote mbili hadi uone kijivu kitupu ndipo utoboe. Waya ukikaa kwenye plastiki yenye nyufa, plastiki itapasuka pembeni ya tundu siku utakapobonyeza panga mahali pake.