Canon 2000D kwenye M: nje picha nyeupe pe, ukumbini nyeusi tii. Nianzie wapi?

kijichuguu

Wakuu, habari za jioni. Nina Canon EOS 2000D na lenzi iliyokuja nayo, 18-55. Kwenye Auto flashi inajirukia yenyewe, na mtu akikaa mbele ya dirisha uso unakuwa giza. Nimeambiwa dawa ni M, ile ya kupanga kila kitu mwenyewe. Nikiweka M, nje saa sita mchana picha ni nyeupe pe, ndani ni nyeusi tii, au mwanga unakubali lakini mtu amecheza, ametoka na ukungu.

Vijedwali vya namba nimeviona vingi, kila kimoja na namba zake. Kati ya ISO, shata na apecha kipi kianze? Na kile kimshale cha chini ukichungulia, lazima kikae katikati? Lengo langu ni sendofu na harusi za ukumbini. Hela ya lenzi nyingine kwa sasa hakuna.

Mzee wa Shata

Karibu mkuu. Achana na vijedwali. Namba zinatoka kwenye mwanga uliopo na kwenye kitu unachotaka kukilinda, na vyote viwili jedwali halivijui.

Kwanza vidole vijue njia, maana kwenye 2000D gurudumu ni moja tu. Ukiwa M, kulizungusha kunabadili shata, yaani muda ambao mwanga unaingia (1/125 ni sehemu ya sekunde). Ukibana kitufe cha Av +/- nyuma ya kamera huku unazungusha, unabadili apecha, yaani ukubwa wa tundu la lenzi. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iko kwenye kitufe cha mshale wa juu. Kipima mwanga (chenye kile kimshale chako) huwaka ukibonyeza kitufe cha kupigia nusu, kisha huzima baada ya sekunde chache. Wengi hudhani kimekufa. Bonyeza nusu tena.

Sasa hesabu, ambayo ni moja tu: stopu. Stopu moja ni mwanga mara mbili au nusu yake. Shata kutoka 1/125 kwenda 1/250, mwanga umepungua nusu. Tundu kutoka f/5.6 kwenda f/8, nusu pia (namba ikikua tundu linasinyaa, hapo ndipo wageni wanapopotea). ISO 400 kwenda 800, picha imeng'aa mara mbili. Kwenye kamera yako mlio mmoja wa gurudumu ni theluthi ya stopu, kwa hiyo milio mitatu ndiyo stopu nzima. ISO yenyewe inaruka stopu nzima nzima. Ukipandisha ISO hatua moja na kuongeza kasi ya shata milio mitatu, mng'ao wa picha unabaki pale pale.

Kipi kianze? Kile ambacho kikiharibika hakitengenezeki baadaye. Mtu akicheza, hakuna programu ya kumtuliza, kwa hiyo kwa watu anza na shata. Aliyekaa au kusimama kwa picha: 1/125. Anayetembea: 1/250. Watoto wanaokimbia: 1/500. Kisha tundu: mtu mmoja, fungua lote, watu wa safu mbili, f/5.6 hadi f/8 ili wa nyuma nao watoke wakali. ISO ije mwisho kufidia pengo. Watu wanaiogopa bure. Chengachenga za ISO 1600 zinavumilika kuliko bibi harusi mwenye nyuso mbili.

Nje saa sita ni rahisi kuliko unavyodhani. Jua kali bila wingu: ISO 100, f/16, shata 1/100. Kutoka hapo badilishana: f/8 na 1/400, au f/5.6 na 1/800, mwanga ni ule ule. Picha yako nyeupe pe karibu hakika imebeba ISO ya ndani uliyosahau kuirudisha. ISO 1600 juani kwa f/5.6 inadai shata ya karibu 1/12800, na kamera yako mwisho wake ni 1/4000. Kuna kanuni ya kuzuia hilo: kila ukivuka mlango, ISO kwanza.

Ila kwetu jua la saa sita linakaa utosini na kufanya macho ya mtu mashimo meusi, na M haitibu hilo. Mpeleke kivulini, chini ya mwembe au baraza, uso ukielekea upande wenye anga. Anzia ISO 200, f/5.6, 1/200 halafu urekebishe.

Binti Kipepeo

Nakubaliana na Mzee isipokuwa jambo moja. Kuna jioni M ni mzigo. Huku karibu na ikweta giza linaingia haraka. Kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro mwanga unashuka kila baada ya dakika chache, na anayeanza atakuwa anazungusha gurudumu badala ya kuangalia watu. Hapo weka Av, chagua tundu, kamera itafute shata. Wewe chunga shata isishuke chini ya 1/125. Ikishuka, pandisha ISO. Si dhambi.

M inalipa pale mwanga umetulia ila fremu inabadilika. Bwana harusi mwenye suti nyeusi, bibi harusi mwenye gauni jeupe, ukumbi ule ule, taa zile zile. Kwenye Auto au Av kila ukimgeukia mmoja kamera inabadili namba, na unarudi nyumbani na picha za mng'ao tofauti tofauti. Kwenye M unapanga mara moja, zote zinafanana.

Kuhusu kimshale: hapana, katikati si lazima. Kipima mwanga hakijui kinaangalia nini. Kinachukulia kila kitu kina mng'ao wa wastani, kijivu. Gauni jeupe likijaza fremu, sifuri italitoa kijivu, kwa hiyo peleka kimshale +1. Suti nyeusi ikijaza fremu, sifuri itaitoa imepauka, peleka -1. Uso mweusi sana uliojaza fremu, sifuri huutoa uking'aa kuliko ulivyo na kuua rangi yake. Shusha theluthi mbili ya stopu, hata moja, kisha angalia. Mtu wa dirishani ni kinyume: dirisha linakidanganya kipima, kwa hiyo +1 hadi +2, dirisha liungue, uso ubaki.

Baada ya kupiga, usiamini kioo cha nyuma. Usiku kinang'aa kuliko picha yenyewe, mchana huoni kitu. Fungua picha, bonyeza DISP mpaka ije histogramu, ule mchoro wa kilima unaoonyesha giza kushoto na mwanga kulia. Kilima kikigandamana ukuta wa kulia na gauni linapepesa nyeusi-nyeupe, sehemu hizo zimeungua na nakshi za kitambaa zimepotea. Ongeza kasi ya shata mlio mmoja mmoja mpaka kupepesa kuishe. Taa au mng'ao wa hereni ukipepesa, uache.

kijichuguu

Asanteni sana, shikamoo Mzee. Nilikuwa kweli na ISO ya ndani. Nje sasa imekaa.

Ukumbini bado. ISO 1600, f/5.6, 1/125, nimezumu hadi 55, kimshale kiko -2. Nikishusha shata hadi 1/30 watu wanacheza. Halafu kuna mistari ya giza inakatiza picha, baadhi tu, siyo zote. Kamera mbovu? Na nikianza bila kuzumu kwa f/3.5, nikizumu picha inakuwa nyeusi bila kugusa chochote.

Jicho la Tatu

Kamera nzima. Nianze na la mwisho.

Soma mbele ya lenzi: 1:3.5-5.6. Maana yake f/3.5 ipo ukiwa 18 tu. Ukizumu hadi 55 tundu kubwa kabisa linalobaki ni f/5.6, na hiyo ni stopu moja na theluthi imepotea. Kwenye Auto kamera hufidia kimya kimya. Kwenye M haifidii, umeiambia isiguse. Tiba mbili: weka f/5.6 toka mwanzo, haitabadilika popote utakapozumu. Au usizumu kabisa, sogea kwa miguu. Ukumbini chagua la pili. Ukikaa karibu na 24 hadi 35 unapata f/4 au f/4.5. Usimfuate mtu usoni kwa 18, pua itavimba.

Pia tafuta herufi IS kwenye lenzi. Lenzi ya 18-55 ya kamera hii inauzwa ya aina mbili, yenye kitulizo na isiyo nacho. Isiyo nacho, kwa 55 usishuke chini ya 1/100 mkono mtupu. Yenye nacho inatuliza mkono wako tu. Anayecheza kwaito haimhusu.

Mistari ya giza: hizo ni taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za LED na tyubu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Shata ikiwa ya haraka kuliko 1/100, sehemu moja ya picha inapata taa ikiwa imewaka na nyingine ikiwa imefifia. Ndiyo maana ni baadhi tu, inategemea umebonyeza wakati gani. Weka 1/100 au 1/50, mistari mingi itaondoka. Taa za mapambo za rangi zenye rimoti zina mapigo yao tofauti, hizo huenda zikabaki na mistari. Zisiwe mwanga mkuu wa uso.

Basi ukumbini bila flashi: 1/100, f/4.5 kwa 35, ISO 3200. Ukilinganisha na namba zako umepata theluthi ya stopu kwenye shata, theluthi mbili kwenye tundu, moja nzima kwenye ISO. Jumla mbili, kimshale sifuri. Piga RAW, yaani faili ghafi, na rangi za taa utazinyoosha baadaye bila kuchubua picha.

Tripodi

Naongezea flashi, maana sendofu bila flashi kwa 18-55 utateseka.

Ukiwasha flashi kwenye M, una mianga miwili kwenye picha moja. Mwanga wa flashi ni wa kufumba na kufumbua, kwa hiyo unatawaliwa na tundu na ISO, shata haiugusi. Mwanga wa ukumbi unatawaliwa na vyote vitatu. Wapigaji wengi wa mwanzo wanaacha ISO 100 na 1/200, nyuso zinang'aa na ukumbi uliolipiwa mapambo ya mamilioni unakuwa pango. Weka ISO 800, f/5.6, 1/60 hadi 1/100. Kimshale kitasoma -2 au chini, kiache hapo hapo. Flashi itamwangaza mtu, ukumbi utabaki nyuma ukiwa hafifu lakini unaonekana. Kikomo cha juu cha shata na flashi kwenye 2000D ni 1/200.

Flashi ya kamera yenyewe ni ndogo. Kwa ISO 100 na f/5.6 inafika kama mita 1.6, basi. Kwa ISO 800 inafika kama 4.5. Anayepiga jukwaa kutoka meza za nyuma kwa flashi hiyo anamaliza betri bure. Na vua ile kofia ya jua ya lenzi, ina tabia ya kutupa kivuli cha nusu duara chini ya picha.

Ukija kununua flashi ya juu, tahadhari kabla hujatoa hela Kariakoo: 2000D haina kipini cha katikati pale inapochomekwa flashi. Flashi za bei rahisi zenye kipini kimoja tu, na vitriga (vya kuwashia flashi kwa mbali) vya aina hiyo, havitawaka kabisa. Nenda na kamera, chomeka, piga hapo hapo dukani.

Ukishakuwa nayo, elekeza kichwa juu kama dari ni jeupe na si refu sana. Chini ya turubai jeusi mwanga haurudi. Dari lililofunikwa kwa vitambaa vya zambarau litarudisha zambarau usoni kwa bibi harusi.

kijichuguu

Nimeangalia, lenzi yangu haina IS. Kwa hiyo 1/100 ndiyo sakafu yangu. Swali la mwisho: ISO nikiiweka AUTO ndani ya M, kuna ubaya? Kimshale kinakaa sifuri muda wote.

Mzee wa Shata

Marahaba. Kwa kujifunza, ndiyo, kuna ubaya. Utabadili shata, kamera itafidia kwa ISO, picha itabaki vile vile na hutajua umefanya nini. Na lile tatizo la suti na gauni linarudi mlango wa nyuma, maana bado kamera ndiyo inayoamua mng'ao. Kazini, kwa maandamano ya bibi harusi kutoka jua hadi ukumbini, itumie bila aibu, ila weka kikomo cha juu 3200 kwenye menyu.

Zoezi la nyumbani: mkalishe mtu mita moja kutoka dirishani, ubavu mmoja kwenye mwanga. ISO 400, f/5.6, piga 1/30, 1/60, 1/125, 1/250. Kisha rudi 1/60 na f/5.6, ISO tu ndiyo ibadilike: 200, 400, 800, 1600. Zifungue kwenye kompyuta zikiwa zimekuzwa, angalia jicho la upande wenye kivuli. Zilete hapa tuzikague.

Binti Kipepeo

Na kabla ya zoezi, zungusha kile kigurudumu kidogo pembeni ya kitundu cha kuchungulia mpaka namba za chini zisomeke kali. Kwenye kamera nyingi huwa kimezungushwa vibaya, halafu mtu analaumu fokasi.