Yeremia 29:11 ni ahadi yangu mimi au ya mateka waliokuwa Babeli?

Njiwa_Mpole: Shalom wapendwa, kuna kitu kinanisumbua. Tangu kazi iishe kila mtu ananitumia Yeremia 29:11, ndugu, wanamaombi wenzangu, hadi watu ambao hatujaongea siku nyingi. "Nayajua mawazo ninayowawazia ninyi", naupenda mno mstari huu, nimeuweka hadi kwenye skrini ya simu. Ila miezi inakatika, naomba, natuma maombi ya kazi, kimya. Juzi nikasoma sura nzima nikaona kumbe walioandikiwa ni Wayahudi waliopelekwa mateka Babeli. Je ni halali niushike kama wangu? Tafadhali msinijibu "wewe amini tu", hayo nimeshasikia sana.

mwana_wa_neno: Mpendwa umefanya vizuri kusoma sura nzima, wengi tunaokota mstari mmoja tu. Sasa angalia mstari wa 10, unasema miaka 70 itimie kwanza ndipo warudishwe kwao. Yaani kati ya waliosomewa ile barua ya Yeremia wengi walifia kule kule, na bado Mungu anawaambia anawawazia amani. Na sura ya 28 inaonyesha nabii Hanania aliwaahidi watu kule Yerusalemu kwamba ndani ya miaka miwili tu mambo yatakuwa sawa, bila shaka watu walifurahi, lakini Bwana hakumtuma. Mimi kinachonigusa zaidi ni mstari wa 5, jengeni nyumba, pandeni bustani mle matunda yake, halafu wa 7 waombeeni amani mji ule ule uliowashikilia. Kwa hiyo kwangu ahadi hii haisemi barua ya kazi inakuja wiki ijayo, inasema hujasahaulika na maisha ya sasa yaishi, usiyasimamishe ukisubiri.

Mama_Upendo: Nakubali ila tusimnyang'anye mwenzetu faraja jamani. 2 Wakorintho 1:20 inasema ahadi zote za Mungu katika Kristo ni Ndiyo. Mwanangu ushike huo mstari, usiutoe kwenye simu.

Njiwa_Mpole: Asanteni sana, hiyo ya Hanania sikuwahi kuiunganisha kabisa na imenishtua kwa uzuri, maana nami nimeshatabiriwa tarehe mara kadhaa. Ila mama niulize, siku ambazo hata kuomba siwezi nafanyaje? Napiga magoti maneno hayatoki.

Mama_Upendo: Fungua Zaburi ya 13 mwanangu, isome kwa sauti kama ilivyo. Daudi anamuuliza Bwana "hata lini" mara nne mfululizo, hapambi maneno, na zaburi yenyewe ni fupi ukichoka hata kusoma unaimaliza. Ukishindwa hata hiyo kaa kimya tu hapo hapo, Warumi 8:26 Roho anakuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Leo usiku nina maombi na wenzangu, nikutaje kwa ombi la kazi au kuna lingine la kuongeza?